Mbwa wa Tano na Macho ya Susu

Saa nane mchana, nyumbani kwangu nje kidogo ya mji wa Wote, jua huwa limekaa juu ya mabati kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado hajaondoka. Wakati huo mimi huburuta kiti changu mpaka chini ya tenki la maji. Tenki ni kubwa, na mnara wake wa mawe nimeujenga kwa mikono hii. Kivuli chake kinamtosha mtu mmoja mnene na mbwa wanne. Hapo ndipo ninapoota. Siwezi kusema ninalala, maana masikio yanasikia kuku wakikwaruza na mtu akipita na baiskeli kule barabarani, lakini macho yanaona mambo ya miaka iliyopita, na hayo ya miaka iliyopita yanang'aa zaidi kuliko kuku.

Mbwa nao huota. Hilo nimelitazama mwenyewe na hakuna msomi atakayeniambia vingine. Lile dume la getini, la rangi ya udongo mwekundu, hutikisa mdomo kama anayebishana na mtu. Wale ndugu wawili niliowachukua pamoja hukimbia wakiwa wamelala, miguu minane inapiga vumbi, halafu wanaamka kwa pamoja na kutazamana kama watu waliokutana mahali wasipotarajia. Na yule mzee wa kike, ambaye watoto wangu humwita Susu, kama sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, yeye huota polepole. Mguu mmoja tu wa mbele. Unatoka, unagusa hewa, unarudi, kama wa mtu anayepapasa ngazi asiyoiona.

Na kweli alikuwa haoni. Msimu huo ninaousimulia, Susu alikuwa amepofuka.

Wacha niseme mimi ni nani, usije ukafikiri unasoma maneno ya mtu wa kubahatisha. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza na matofali, nikikanyaga udongo kwa miguu na kuchoma tanuri peke yangu, na leo kuna nyumba nyingi hapa Makueni ambazo ukizibandua plasta utakuta alama za vidole vyangu. Kutoka matofali nikaingia kwenye biashara ya ndengu, zile choroko za kijani. Nina lori mbili, nina ghala, nina nyumba ya vigae vya rangi mbili, na watoto wangu wote wamesoma kupita kipimo changu. Sikupewa kitu na mtu. Lakini ukiuliza watu wa hapa mimi ni fundi wa nini, wengi hawatasema ndengu. Watasema mbwa. Watu wenye digrii wamenipigia simu nikawachagulie mtoto wa mbwa, na mimi nimeenda na nimechagua, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Kuchagua kwenyewe si siri. Unamkamata mtoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo, unamwinua juu, miguu ininginie. Akilia, mrudishe. Anayelia akiinuliwa atalia akiona fisi. Anayenyamaza na kukutazama, huyo ndiye. Kisha unamfungua mdomo, ukikuta paa la mdomo ni jeusi kama sufuria ya kuni, usiulize tena, chukua. Ukishamchukua unamfunika uso, umtie kwenye gunia au kiondo, asiione njia, maana akiiona atarudi kwao. Ndivyo nilivyoona wazee wakifanya, na ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote.

Susu nilimchagua hivyo hivyo, Mtito Andei. Nilikuwa nimepeleka matofali ya mtu aliyekuwa akijenga hoteli ya chakula, na pale madereva wa malori wanapotupa mifupa kulikuwa na watoto wa mbwa katikati ya matairi. Nilimwinua mmoja wa rangi ya majani makavu. Hakusema kitu. Alinitazama kwa macho ya rangi ya asali, kama anayeniuliza na wewe una nini. Sikuwa na kitu. Nilikuwa na viatu vya tairi na koti moja, nikamfunika kwa hilo koti, tukaja. Alilala nami kwenye mdomo wa tanuri, upande wenye joto, usiku wa kuchoma na usiku wa kupoza. Nilipopata mbuzi wawili wa kwanza, sikumfundisha. Asubuhi moja walitoka, naye akatoka nyuma yao, na jioni akawarudisha. Tangu siku hiyo, hiyo ikawa kazi yake. Mbuzi wakawa kumi, wakawa thelathini, na yeye akawa anajua njia ya kushuka mtoni, mahali pa kuvukia mchanga, na kichaka ambamo chui aliwahi kulala, akikizungukia kwa mbali miaka na miaka baada ya chui mwenyewe kuondoka.

Kwa hiyo nilipoona ukungu mweupe umeanza kuingia kwenye yale macho ya asali, nilijifanya sijaona.

Haikuwezekana kujifanya kwa muda mrefu. Alianza kugonga ndoo. Akaanguka kwenye ngazi za jikoni, ngazi tatu tu, akawa hazipandi tena. Asubuhi moja akafuata mbuzi akaingia moja kwa moja kwenye ua wa miiba, na mchungaji wetu wa mbuzi, mzee mwenzangu ambaye tumekua pamoja, akamrudisha amembeba mabegani. Kuanzia hapo hakutoka tena. Mbuzi walipopita getini alinyanyua pua, akaisikiliza harufu yao ikienda, akairudisha pua chini. Wale ndugu wawili wakagundua kwamba bakuli lake linaweza kuliwa kabla hajalifikia. Akaanza kukonda.

Daktari wa mifugo alikuja, akamwangalia meno na tumbo na macho.

"Haumwi," akasema. "Ni macho tu, na haya hayarudi. Lakini mzee, huyu alikuwa mfanyakazi. Mbwa kama huyu ukimkalisha bure, anaacha kula. Ukiona amefika hapo, nipigie simu. Ni sindano moja, hatasikia."

Nilimwambia asante, na moyoni nikamwambia aende zake.

Ni siku hizo hizo habari ilipotoka Kyuso. Kule kaskazini ya Kitui ndiko ninakonunua ndengu, na kuna mama mmoja mjane, mkulima hodari, ambaye nimenunua ndengu zake tangu nikiwa na lori la kukodi. Mbwa wake wa kike ni wa ukoo unaojulikana, mbwa wa mbuzi kabisa. Aliniletea ujumbe kwa dereva: "Mwambie tajiri wangu nimepata wajukuu wenye mikia. Akija kubeba ndengu aje achague."

Mimi nikaanza kuota, na macho yakiwa wazi. Mbuzi wangu walihitaji mrithi. Dume la getini haliachi geti hata kwa moto. Wale ndugu ukiwapa mbuzi wanawafanya mchezo. Mtoto mdogo, mwenye damu ya kazi, akiletwa sasa, Susu angemfundisha zile njia zote zilizokuwa kichwani mwake. Akichelewa, zile njia zingezikwa naye. Nilipomweleza mke wangu hayo, alikuwa anapepeta ndengu nje ya jikoni, na ungo wake haukusimama.

"Mzee, nikuulize. Hapa ni boma ama ni kambi?"

"Kambi ya nini?"

"Ya mbwa. Pasta siku hizi anaombea hii nyumba akiwa nje ya geti. Juzi amesema amina akiwa tayari anakimbia."

"Basi pasta ana imani ndogo."

"Ana miguu miwili na anaipenda. Mzee, wanne! Ukileta wa tano na mimi nitaanza kubweka, utaniwekea bakuli."

Nilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, halafu akaweka ungo chini, na hapo nikajua kwamba mzaha umekwisha.

"Mimi sikatai mbwa," akasema. "Niangalie. Walipokuja hao ndugu wawili, ni nani alihama mlango wa jikoni? Si ni Susu? Akahamia chini ya tenki. Sasa wanakula chakula chake. Lete mwingine wa kurukaruka juu ya kipofu, huyo Susu atahamia wapi? Chini ya tenki kumejaa. Iliyobaki ni ile sindano ya daktari."

"Mama, mimi najua mbwa."

"Unajua kuwachagua, hilo siwezi kukunyang'anya. Lakini wakishafika hapa, anayeshinda nao ni mimi. Ukimleta huyo mtoto na huyu mzee akaacha kula kabisa, mimi sitapiga simu kwa daktari. Utapiga wewe, na utamshika kichwa wewe."

Nilirudi chini ya tenki. Susu alikuwa anaota, mguu wake mmoja unapapasa. Nikaweka kiganja changu chini ya ule mguu, ukagusa, ukatulia, ukarudi. Nilikaa hivyo mpaka kivuli kikatuacha.

Siku ya kwenda Kyuso nilimbeba Susu nikampandisha kwenye lori. Nilijiambia ni kwa sababu ya wale wezi wa bakuli. Dereva wangu, ambaye ana mdomo lakini barabara anaijua, alimtazama akijikunja pale miguuni.

"Bosi, leo huyu ndiye utingo wetu?"

"Ndiye."

"Atatuonyesha njia?"

"Ataonyesha kuliko wewe. Endesha."

Tulitoka alfajiri, na njia nzima Susu aliweka pua kwenye ufa wa mlango. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, vilima vikaelea juu yake kama migongo ya ng'ombe ndani ya maji, na mimi kati ya kusinzia na kuamka nikawa sijui kama tunaenda Kyuso ya leo au ile ya zamani, nilipokuwa nikikaa juu ya magunia nyuma kwa sababu mbele kulikuwa kwa mwenye lori. Joto lilipoanza kupanda na ardhi ikawa nyeupe, nikajua tumekaribia.

Wakulima walikuwa wamefika na magunia yao kwa yule mama. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Aiya! Tajiri wangu umenenepa. Huko Makueni mnakula nini?"

"Ndengu zako, mama."

"Basi nitapandisha bei. Na huyu nyanya umemleta safari kwa nini?"

"Amekuja kutembea."

"Mteremshe apate maji. Wazee hawakai kwenye gari."

Watoto wa mbwa walikuwa wamebaki watatu, mama yao ameenda malishoni na mbuzi. Wakulima wakaacha magunia wakaja kuzunguka, maana sifa yangu ilikuwa imefika huko kabla yangu. Nilikunja mikono ya shati. Nikamwinua wa kwanza, dume dogo jeusi lenye doa jeupe kifuani. Mungu wangu! Alilia mpaka kuku wakapanda juu ya ghala. Alilia nikimwinua, akalia nikimshusha, akaenda akilia mpaka nyuma ya jikoni na tukaendelea kumsikia.

"Huyo amelia tangu tumboni," yule mjane akasema. "Akiwa na njaa analia, akishiba analia. Kanisani kwetu hatuna haja ya kwaya."

Wa pili alitoa sauti kidogo kama mlango. Wa tatu nilimwinua, akaning'inia kimya, akanitazama. Macho ya rangi ya asali. Moyo wangu uliruka miaka yote ile mpaka kwenye matairi ya Mtito Andei. Nikamfungua mdomo, paa jeusi tititi.

"Huyu," nikasema, na watu wakapiga makofi, na sitadanganya, nilijisikia vizuri.

Nikampeleka kwa Susu, aliyekuwa amelala kivulini chini ya lori. Nilimweka yule mtoto karibu na mbavu zake. Alitembea kimya kimya, mdogo, miguu laini juu ya vumbi, akamgusa. Susu aliruka kama aliyeguswa na moto. Akageuka, akauma hewa, meno yake machache yakagongana. Mtoto akarudi nyuma bila sauti. Nikajaribu tena upande wa kichwa, na ikawa vile vile, safari hii Susu akatetemeka mpaka mkia.

"Nyanya amekataa mjukuu!" mtu mmoja akasema, na wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa mdomo.

Ndani sikucheka. Nilisikia ungo wa mke wangu ukiwekwa chini. Nilimwona daktari akifungua mkoba wake. Alikuwa sawa mama watoto, nikajiambia, huyu mzee hataki mtoto, na mtoto akiingia bomani ndio mwisho wake. Nilipaswa kumrudisha yule mtoto pale pale. Lakini nilikuwa nimeshasema "huyu" mbele ya watu, na mimi neno langu likitoka huwa limetoka. Nikamtia kwenye kiondo, nikamfunika uso kwa kitambaa asiione njia, nikamweka ndani ya lori.

Kazi ya kupima ikaendelea mchana wote. Ndengu zikimwagwa hutoa sauti kama mvua ya mbali, na rangi yake ya kijani ukiitazama sana inakuvuta. Nilikaa juu ya magunia yaliyojaa, na ile mvua ikanipeleka. Nikawa kwenye tanuri langu la zamani. Moshi ulikuwa wa bluu, na Susu alikuwa kijana, anakimbia kuzunguka tanuri, kila akizunguka anapotea nyuma yake, nami nangoja atokee upande wa pili, anatokea. Akapotea tena. Nikangoja. Sikumwona akitokea. Ndani ya ndoto nikasikia kitu kinalia, kinanyamaza, kinalia, na sikujua ni moto au ni mtu.

Nilipoamka vivuli vilikuwa vimerefuka, magunia yamepakiwa, na dereva alikuwa amesimama mbele yangu.

"Bosi, twende. Lakini mzee wetu hayuko chini ya lori."

Niliruka chini. Hakuwa kando ya maji. Hakuwa kivulini. Boma lile lina kisima kisicho na ukuta upande wa chini, na nilikimbia kwanza huko, na mimi sijakimbia miaka mingi. Hakuwepo. Ndipo nikarudi pale alipokuwa amelala, nikainama kutafuta alama, maana vumbi la Kyuso ni kama unga, linaandika kila kitu.

Alama zilikuwepo. Hatua tano sita zilizonyooka, halafu mahali pamechezwachezwa, kama mtu aliyesimama anageuza mguu huku na huku hajui aende wapi. Halafu tena hatua zilizonyooka. Halafu kusimama. Nikazifuata nimeinama. Zilipita kati ya rundo la kuni na kinu bila kugusa chochote. Zilikwepa kamba ya ndama. Mbwa ambaye nyumbani hugonga ndoo! Nikasimama kwenye mojawapo ya zile sehemu za kusimama, nikajiuliza alikuwa anangoja nini hapa. Na wakati huo huo, nyuma ya jikoni, yule wa kelele akaanza.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa miguu kabla ya kichwa. Akilia, Susu alitembea. Akinyamaza kuvuta pumzi, Susu alisimama, akangoja. Akianza tena, akatembea tena. Alikuwa ameshika ile sauti kama mtu anavyoshika kamba gizani. Yule wangu wa kimya, yule bingwa, alimfikia kama anavyofika nyoka, hakumsikia, akashtuka. Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta mbwa asiyetoa sauti, kwa sababu nilikuwa nachagulia watu wenye macho.

Walikuwa nyuma ya jikoni, mahali majivu yanapomwagwa, kwenye joto. Susu amelala ubavu, na yule mweusi amepanda shingoni kwake, anamlalamikia ndani ya sikio. Analalamika, Susu anamlamba uso, anaendelea kulalamika. Nikapiga mluzi wangu. Huo mluzi Susu hajawahi kuukataa, hata siku anazaa. Alinyanyua kichwa. Sikio likageuka kwangu. Mkia ukapiga majivu mara moja, kwa heshima. Kisha akarudisha kichwa chini.

Nikasimama pale. Watu walikuwa wamekuja nyuma yangu, wakulima wote, dereva, yule mama. Wote walikuwa wameniona nikimwinua huyu mlalamishi na kumtupilia mbali. Nikamwambia dereva, bila kugeuka:

"Mtoe yule kwenye kiondo. Umrudishie mama."

"Na tubebe nini?"

"Huyu."

Wakaanza kucheka, na safari hii walinicheka mimi peke yangu.

"Bosi," dereva akasema, "huko Wote tutasema nini? Fundi wa mbwa ameenda mpaka Kyuso akaleta redio?"

"Waambie nilitaka redio."

Yule mama hakucheka. Alimtazama Susu, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mchukue, mwanangu. Mimi huyu nilikuwa namwonea huruma, nani angemtaka?" Kwake mbwa hauzwi na hachukuliwi bure, lazima uache kitu ulichovaa mwilini. Nikamwachia kofia yangu nzuri ya ngozi. Nilikumbuka kumfunika mtoto uso, kama ilivyo desturi, na ndani ya kiondo akalia kama anayechinjwa. Lakini Susu alipopandishwa, alikifuata kile kiondo mwenyewe, akaweka kidevu juu yake, na hakukiondoa mpaka mahali tulipolala njiani, na kesho yake mpaka nyumbani.

Mke wangu alitusikia kabla hajatuona. Tulipoingia alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono ameikunja kifuani.

"Nimesikia lori," akasema, "na nimesikia kitu kingine. Niambie ni breki."

Nilipita, nikaweka kiondo juu, mbele ya mlango wa jikoni, nikafungua kitambaa. Yule mdogo akatoa kichwa, akaona dunia mpya, akaitangazia. Susu alikuwa bado kando ya lori. Alinyanyua pua, masikio yakasimama. Akaja. Akafika kwenye ngazi, zile ngazi tatu zilizomwangusha, akaweka mguu wa kwanza, akapapasa, akapata. Wa pili. Sauti ikamvuta juu, ngazi moja, ngazi mbili, tatu, akafika mlangoni mwa jikoni, mahali pake pa zamani, akalala na mtoto kati ya mikono yake.

Wale ndugu wawili wakaja mbio kuona chakula gani hiki kinacholia. Mdogo akapiga kelele, na Susu, mwenye meno ya kuhesabu, akainuka akaukabili upande ambako ile kelele ilielekea, akatoa mngurumo ambao sikuwa nimeusikia tangu siku za chui. Ndugu wakakumbuka kazi kwingine.

Mke wangu alitazama hayo yote. Aliingia ndani akatoka na maziwa ndani ya kifuniko cha sufuria, akayaweka chini.

"Sawa," akasema. "Lakini mimi nitabweka, nilikwambia."

Susu alikula siku hiyo. Baada ya wiki mbili, mzee wetu wa mbuzi aliponiita getini asubuhi, nilikuta mbuzi wanatoka, yule mweusi katikati yao anawasimulia mambo yake, na Susu nyuma, pua juu, anakuja. Jioni walirudi wote. Na mzee akaniambia jambo. Walipofika kwenye kile kichaka cha chui, Susu alitoka njiani akazungukia mbali, na mtoto akarudi mbio kumfuata, akakizungukia naye.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kupamba hadithi. Lakini mbwa hukua. Yule wa kelele akawa kijana mrefu, akajifunza kazi vizuri kabisa, na kadiri alivyojua kazi ndivyo alivyonyamaza. Akawa mbwa wa kimya, wa kutazama, mbwa ambaye ningemchagua kwa kujigamba. Na Susu akaanza tena kugonga ndoo.

Sikungoja. Nilimvua beberu wangu mkubwa kengele yake, ile ya chuma iliyofuliwa na fundi wa hapa kwetu, nikaifunga shingoni mwa yule mbwa. Alijitikisa, akanitazama kwa aibu, akaenda zake. Nguli, nguli, nguli, kengele ikalia. Susu chini ya tenki akanyanyua sikio, akainuka.

Jirani yangu alipita akasimama.

"Mzee, umeharibika? Mbwa wa kengele atashika mwizi gani?"

"Atashika kiziwi," nikamwambia.

Hajamaliza kucheka mpaka leo, na mimi nimemwacha acheke. Bado nachagulia watu mbwa, na bado nawainua kwa shingo, lakini siku hizi kabla sijamwinua hata mmoja namuuliza kwanza mwenye kumtaka, kwako kuna nani.

Sasa ni saa tisa na kitu. Kivuli cha tenki kimebaki kwenye miguu yangu tu. Kengele inapanda kutoka mtoni, kidogo kidogo, ikichanganyika na za mbuzi, lakini hiyo moja naijua. Naifuata nimefumba macho. Ikinyamaza, nafumbua. Kule chini, kwenye mchanga mweupe, yule mweusi amesimama, amegeuza shingo, anamtazama mtu anayekuja polepole nyuma yake. Anajitikisa mara moja, makusudi. Kengele inalia, na yule mzee wa kike ananyoosha mguu.